Mshamba Anayerudishwa Shamba: Uigizaji wa Rashidi Kawawa katika Filamu ya Muhogo Mchungu Ukisomwa kutoka Nachingwea na Ruangwa

Usuli wa mjadala

Wasifu wa Rashidi Mfaume Kawawa umeandikwa na kusimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara sinema hupewa sentensi moja tu. Huelezwa kwamba kabla ya siasa aliwahi kuigiza, kisha msimulizi huharakia vyama vya wafanyakazi, TANU, uwaziri mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, umakamu wa pili wa Rais baada ya Muungano, na lile jina la sifa la Simba wa Vita. Wanaoandika historia ya filamu nao humtaja kwa mshangao: kumbe nyota wa filamu za Kiswahili zilizofadhiliwa na serikali ya kikoloni ndiye aliyekuja kuiongoza serikali iliyochukua nafasi yake. Baada ya mshangao huo, mjadala huishia hapo. Swali ambalo pande zote mbili haziliulizi ni la kihakiki kabisa: mhusika aliyeigizwa na Kawawa alikwenda wapi baada ya mwigizaji kuvua mavazi yake?

Hoja inayotetewa katika uhakiki huu ni kwamba mhusika huyo hakubaki katika mikebe ya filamu. Mtu wa shamba anayeingia mjini bila kujua, akaonekana kichekesho, na ambaye suluhisho la matatizo yake ni kurudi alikotoka, aliendelea kuishi katika lugha ya serikali mbili zilizofuatana. Ya kwanza ilimwandikia maneno Kawawa ayaseme kama mwigizaji. Ya pili Kawawa mwenyewe aliisemea kama kiongozi. Ili kuona kilichopotea katikati, inafaa filamu isomwe kutoka mahali ambapo mtu huyo wa shamba aliishi hasa, na Nachingwea na Ruangwa zinatoa nafasi hiyo kuliko sehemu nyingi za nchi.

Uteuzi wa mahali haukufanywa kwa bahati nasibu. Kawawa alizaliwa mwaka 1926 huko Matepwende katika iliyokuwa Wilaya ya Songea, mtoto wa mwindaji wa tembo, na alipata elimu ya awali Liwale na Lindi kabla ya kwenda Dar es Salaam na hatimaye Tabora. Liwale kwa miaka mingi ilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Nachingwea hadi ilipofanywa wilaya yenyewe. Ruangwa ilipata wilaya yake mwaka 1995. Kwa hiyo mwigizaji wa Muhogo Mchungu alikuwa mtu wa Kusini, aliyekulia katika nchi ya Wangindo na Wamwera, akijua mihogo inavyolimwa na njaa inavyobisha hodi mwezi wa Januari. Aliyemwandikia nafasi ile hakuwa na ujuzi huo.

Sinema iliyotungwa na wengine

Filamu za kuwafundisha Waafrika wa sehemu hizi hazikuanza na Kawawa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la sinema ya elimu lililoendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu 35 zilitengenezwa, nyingi zikihusu kilimo, magonjwa na faida ya kuweka akiba posta. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kazi hiyo ilishikwa na Kitengo cha Filamu za Makoloni kilichokuwa London, na mwelekezi wake, William Sellers, alieneza imani iliyotawala kwa miaka mingi: mtazamaji Mwafrika hawezi kufuata hadithi inayorukaruka, hivyo picha ziende taratibu, jambo moja baada ya jingine, na funzo lisifichwe.

Kutokana na imani hiyo ulizaliwa mtindo wa watu wawili, mwerevu na mjinga. Mwerevu hufuata shauri la daktari au bwana shamba. Mjinga hulipuuza na kuumbuka. Filamu ya mwaka 1944 yenye jina la Mr. Wise and Mr. Foolish Go to Town inatosha kuwa mfano, kwani jina lake limekwisha kusema habari yote. Mahali pa kuumbukia ni mji, na hilo halikuwa bahati mbaya. Serikali za kikoloni ziliwahitaji Waafrika mjini kama vibarua lakini ziliogopa wakae huko kama wakazi, na sinema ikapewa kazi ya kuwaambia jambo ambalo sheria za kuwaondoa mjini zilikuwa zikiwaambia kwa ukali zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilijaribu njia nyingine. Badala ya filamu fupi za mafunzo, ilitaka hadithi kamili zinazosemwa kwa Kiswahili na kuigizwa na Watanganyika. Kampuni iliyopewa kazi ilikuwa African Film Productions ya Johannesburg, iliyoanzishwa mwaka 1915 na Isidore Schlesinger, mfanyabiashara aliyekulia New York. Ni kampuni hiyohiyo iliyotengeneza De Voortrekkers mwaka 1916, filamu inayotukuza safari za Makaburu na ushindi wao dhidi ya Wazulu. Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi, Meli Inakwenda na Mgeni Mwema ni miongoni mwa majina yanayokumbukwa katika mradi huo, na Kawawa ndiye anayekumbukwa kuliko waigizaji wenzake wote.

Kawawa hakuwa mwigizaji wa kazi. Alikuwa kijana aliyetoka shule ya Tabora na kuingia utumishi wa serikali mwaka 1951 katika shughuli za ustawi wa jamii. Kwa maneno mengine, aliyepewa kumwigiza mtu asiyejua mambo alikuwa mmoja wa Watanganyika wachache wa wakati ule waliopata elimu ya kutosha kukaa ofisini. Umbali huu kati ya mwigizaji na mhusika ndio unaofanya uigizaji wake ustahili kuhakikiwa. Mtumishi wa ustawi wa jamii kazini hutoa mashauri. Ndani ya filamu mtumishi huyohuyo alivaa nafsi ya anayepewa mashauri. Katika mgawanyo wa Sellers alikuwa mwerevu kwa ajira na mjinga kwa nafasi ya mchezoni, na watazamaji walioujua mji wa Dar es Salaam hawangeshindwa kuona kwamba uso ule ulikuwa wa mtu aliyesoma.

Hadhira nayo haikuja mikono mitupu. Majumba ya sinema ya pwani yalikuwa yakionyesha filamu za Kihindi, za Kimarekani na za Kimisri, na watazamaji walizijua fani zake. Jina la Charlie Chaplin lilikwisha kuingia katika Kiswahili kwa sura ya chale, yaani mchekeshaji, na neno hilo lina uzito katika mjadala huu. Chale huanguka, hupigwa, huibiwa, lakini hadhira humpenda yeye na kumcheka polisi. Kabla ya chale walikuwapo Abunuwasi na sungura, ambao ujinga wao ni wa kujifanya. Hans Robert Jauss ameeleza kwamba kazi hupokewa ndani ya upeo wa matarajio ambao hadhira inao tayari. Kwa upeo huu, mshamba anayeigizwa na mtu mwerevu ni mhusika wa kutiliwa shaka: pengine anajifanya. Watengenezaji walitaka mjinga wa kuonya. Utamaduni wa kichekesho wa Waswahili ulikuwa na nafasi tayari kwa mjinga wa kupendwa. Uwezekano mkubwa ni kwamba umaarufu wa Kawawa ulitokana na huyu wa pili.

Mmarekani katika sinema ya Ulaya: ulinganisho

Hali ya kuigiza ndani ya sinema inayomilikiwa na wengine haikuwa ya Tanganyika peke yake, na kisa cha John Kitzmiller kinasaidia kuielewa. Kitzmiller alizaliwa Battle Creek, Michigan, mwaka 1913, akasomea uhandisi, na akafika Italia akiwa mwanajeshi wa Marekani. Kama Kawawa, hakuwa mwigizaji. Sinema ndiyo iliyomwona na kumchukua. Luigi Zampa alimpa nafasi katika Vivere in pace ya mwaka 1947, akiwa askari mweusi aliyejeruhiwa na kufichwa na familia ya wakulima. Mwaka uliofuata Alberto Lattuada alimweka katikati ya Senza pietà, tena akiwa askari mweusi. Mwaka 1950 alikuwa mpiga tarumbeta katika Luci del varietà ya Lattuada na Federico Fellini.

Waigizaji wa namna hii hawapewi kuwa mtu fulani. Hupewa kuwa aina ya mtu. Uso wao ukitokea, mtazamaji anajua mara moja ni nani na atafanywa nini: atasaidia, atachekesha, au atakufa ili wengine wapone. Kitzmiller alikufa katika filamu nyingi. Katika Dolina miru ya France Štiglic, iliyotengenezwa Yugoslavia mwaka 1956, ni rubani aliyeanguka na kuwalinda watoto wawili yatima hadi anauawa. Nafasi hiyo ilimpa tuzo ya mwigizaji bora huko Cannes mwaka 1957, Mweusi wa kwanza kuipata. Mtu angetarajia milango ifunguke baada ya hapo. Haikufunguka. Mwaka 1958 aliwekwa katika The Naked Earth, hadithi ya walowezi iliyowekwa Uganda, akiwa Mwafrika. Sinema ya Uingereza ilitafuta uso wa Mwafrika wa Afrika Mashariki na kuupata kwa Mmarekani aliyekaa Roma. Mwaka 1962 alikuwa Quarrel, mwenye mashua anayemsaidia James Bond katika Dr. No na kuunguzwa njiani. Nafasi yake kubwa ya mwisho ilikuwa Mjomba Tom katika filamu ya Géza von Radványi. Alifariki Roma Februari 1965, mwaka ambao filamu hiyo ilitolewa.

Ulinganisho huu una mipaka yake. Kitzmiller aliishi kwa uigizaji, Kawawa aliupitia kwa muda mfupi. Kinachowaunganisha ni namna sinema ya wengine ilivyompa kila mmoja sura moja na kumtaka airudie. Kinachowatenganisha kina uzito zaidi kwa mjadala huu: Kitzmiller hakupata mahali pa kutokea, kwa hiyo sura ile ilimfuata yeye hadi kifo. Kawawa alitoka. Mwaka 1953 alipelekwa Urambo kushughulikia Wakikuyu waliozuiliwa wakati wa Mau Mau, na mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika. Kitzmiller alipofariki, Kawawa alikuwa Makamu wa Pili wa Rais. Mwigizaji aliponyoka, aliyebaki na sura ile alikuwa yule aliyeigizwa, yaani mkulima.

Muhogo, jina na chakula

Uhakiki wa filamu hii kwa kawaida hulichukua jina lake kama utani mwepesi: mtu mchungu kama muhogo, asiyelika, asiyefaa mjini. Tafsiri hiyo ni ya mtu anayenunua muhogo uliochemshwa barabarani. Ruangwa na Nachingwea muhogo mchungu una maana nyingine, na hapa ndipo kusoma kutoka mahali kunapoleta tofauti ya kweli.

Muhogo mchungu una sumu. Ukiliwa mbichi unaweza kuua. Kwa sababu hiyohiyo nguruwe na ngedere huuogopa zaidi kuliko ule mtamu, nao hukaa ardhini muda mrefu bila kuharibika. Mkulima anayeishi jirani na pori huupanda kwa makusudi. Humenywa, hupasuliwa, huanikwa juani au hulowekwa kwanza, ukawa makopa. Makopa yakitwangwa hutoa unga wa ugali unaovusha kaya miezi ya kiangazi hadi mavuno mapya. Yakiisha, watu huingia porini kuchimba ming'oko. Hakuna ujinga katika mlolongo huu. Kuna elimu ambayo mtu akiikosea hafi kwa njaa, hufa kwa sumu.

Kwa mtazamaji wa huko, basi, jina la filamu linakuwa na kinaya ambacho waandishi wake hawakukikusudia. Anayeitwa muhogo mchungu ni kitu kinacholinda kaya, kinachohitaji kujuliwa namna ya kutengenezwa kabla ya kuliwa, na kinachomdhuru asiyekijua. Swali linageuka: kati ya mshamba na mji, nani hajui namna ya kumla mwenzake? Haielekei kwamba studio ya Johannesburg iliwaza hivyo. Kawawa, aliyesoma Liwale, hangeweza kutolijua.

Kuna jambo la pili ambalo Nachingwea inaliongeza, nalo ni la wakati. Mwaka ambao filamu hizi zilianza kutengenezwa, watu wa Nachingwea walikuwa wametoka kushuhudia kichekesho kikubwa kuliko chochote kilichopigwa picha. Mpango wa Karanga, uliotangazwa na serikali ya Uingereza baada ya vita, ulikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa vifaru vilivyobadilishwa. Bandari ilijengwa Mtwara na reli ikavutwa hadi Nachingwea. Udongo ulikuwa mgumu, mvua haikufuata ratiba ya London, mitambo ilivunjika, na mwaka 1951 mpango uliachwa baada ya hasara ya takribani pauni milioni 36. Reli yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mtu wa Nachingwea aliyemwona mgeni akiingia katika nchi asiyoijua, akidharau mashauri ya wenyeji, akipoteza fedha zake zote na kurudi kwao mikono mitupu, alikuwa amemwona bwana mtaalamu, si mshamba. Hadithi ya Muhogo Mchungu ilikuwa ya kweli kabisa, ilikosea mhusika. Mtindo wa mwerevu na mjinga ungeweza kutumika Nachingwea bila kubadilisha chochote isipokuwa nguo. Kwamba serikali iliyotoka kufuta hasara ile iligharimia filamu za kumfundisha mkulima busara ya kubaki shambani ni jambo ambalo uhakiki wa maudhui hauwezi kulipita kimya.

Kutoka katika filamu hadi katika hotuba

Uhuru ulibadilisha wamiliki wa kamera. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, na katikati ya miaka ya 1970 ilitoa Fimbo ya Mnyonge. Mkulima masikini anakwenda mjini kutafuta maisha, hapati alichotarajia, na wokovu wake unapatikana katika kijiji cha ujamaa. Dhamira imegeuzwa: tatizo sasa ni unyonyaji wala si ujinga, na shamba analorudi ni la wote. Lakini mkondo wa hadithi ni uleule. Mji ni mahali pa kupotea. Kijiji ni mahali pa kupatikana. Filamu za miaka ya 1950 na za miaka ya 1970 hutenganishwa kwa kawaida kama za mkoloni na za taifa, na kwa itikadi zinatengana kweli. Kwa umbo ni ndugu.

Na wakati Fimbo ya Mnyonge ilipotolewa, Waziri Mkuu alikuwa Kawawa, aliyeshika nafasi hiyo kuanzia 1972 hadi 1977. Huo ndio muda wa Siasa ni Kilimo, tamko la Iringa la mwaka 1972. Wa Operesheni Vijiji. Wa Kilimo cha Kufa na Kupona mwaka 1974 na 1975. Haitakuwa haki kusema kwamba mtu alitunga sera kutokana na filamu aliyoigiza ujanani. Sera zilikuwa za chama, na Nyerere ndiye aliyeziasisi. Lakini haitakuwa makini vilevile kupuuza kwamba sauti iliyowataka watu warudi kijijini na kulima ilikuwa imekwisha kusikika katika sinema, ikisema kutoka upande wa pili wa mazungumzo. Wachache sana katika historia ya uigizaji wamepata kumwigiza mtu, kisha wakapewa madaraka ya kumwamuru.

Lindi na Mtwara zilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuhamishia watu vijijini kwa wingi, kwa kuwa vita vya Msumbiji vilikuwa mpakani na usalama ulikuwa hoja yenye nguvu. Nachingwea yenyewe ilikuwa na kambi ya FRELIMO ambamo wapiganaji walifunzwa, na mwaka 1975 Dragutin Popović wa Yugoslavia alitoa filamu iliyopewa jina Nachingwea. Nchi iliyotengeneza filamu iliyompa Kitzmiller tuzo yake ndiyo iliyolipeleka jina la mji huu katika sinema ya dunia. Kamera hiyo ilimfuata mpigania uhuru. Mkulima aliyekuwa akihamishwa wakati huohuo hakuwa habari yake.

Kilichompata mkulima huyo kinaonekana vizuri zaidi katika korosho. Mkorosho hauhamishwi. Familia iliyopelekwa kijiji kipya iliacha mikorosho yake maili kadhaa nyuma, na mkorosho usiofyekewa humezwa na pori na moto. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Bei ndogo na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia, na wataalamu hutofautiana kuhusu uzito wa kila sababu. Hata hivyo, mkulima wa Ruangwa aliyeambiwa arudi kwenye ardhi angeweza kujibu kwamba alikuwa juu ya ardhi yake tangu mwanzo, na kwamba aliyemwondoa ndiye anayemhimiza arudi. Jibu hilo halimo katika Muhogo Mchungu wala katika Fimbo ya Mnyonge. Katika filamu zote mbili ardhi ni kitu kimoja kisicho na mwenyewe maalumu, kinachomngoja mtu atakayetubu.

Mhusika huyu wa shamba alijibu kwa miguu. Katika miaka ya 1980 na 1990 vijana wa Kusini waliingia Dar es Salaam kwa wingi na kuanza kuuza bidhaa mkononi katika mitaa ya Kariakoo. Watu wa mjini waliwapa jina la Wamachinga, kutokana na Machinga iliyoko Lindi, na leo neno machinga linamtaja mchuuzi yeyote wa barabarani nchini, awe Msukuma au Mchaga. (Maelezo kwamba neno hili limetoka katika Kiingereza yana burudani yake, lakini hayana haja wakati mahali penyewe papo katika ramani.) Kwa lugha ya uhakiki, hapa ndipo mhusika alipoiacha hadithi aliyoandikiwa. Aliingia mjini, akadhulumiwa kama ilivyotabiriwa, akafukuzwa na mgambo mara nyingi, lakini hakurudi kama ilivyotakiwa. Badala yake aliupa mji neno jipya.

Upungufu mkubwa wa nafasi aliyoandikiwa Kawawa unaonekana hapa. Filamu ilimwonyesha mshamba kama mtu wa safari moja: huenda, huharibikiwa, hurudi, na akisharudi hadithi imekwisha. Safari ya mtu wa Nachingwea na Ruangwa haina umbo hilo. Wapo wanaouza nguo Kariakoo kuanzia Machi hadi Agosti, kisha hupanda basi kwenda nyumbani korosho zinapoanza kuanguka. Huokota, hupeleka ghalani, husubiri mnada, hulipa ada za shule na kununua mabati. Makopa ya mama hufungwa katika mfuko na kuwekwa chini ya kiti. Januari basi linapotoka Nachingwea alfajiri kuelekea kaskazini, wamo ndani.